Mafunzo ya walimu na viongozi wa shule kimkoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha mratibu elimu kata, cheo ambacho siku hizi kinaitwa afisa elimu kata. Maswali haya nimeulizwa kwenye vikao, kwenye foleni ya benki, na mara nyingi kwa simu saa tatu usiku. Majibu yanahusu Tanzania Bara, hasa shule za msingi za serikali. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na utaratibu wake, kwa hiyo nimeigusa pale tu mradi ulipovuka maji.

Kwa nini mkoa wa jirani wanaitwa semina kila mara na sisi hatuitwi?

Kwa sababu kwa miaka mingi mafunzo ya walimu kazini yamebebwa na miradi, na kila mradi huja na orodha ya mikoa yake. Mkoa usiokuwemo kwenye orodha hauna wa kumlalamikia.

Nilikuwa mwalimu mkuu Singida, kwenye kata inayopakana na Manyara. Mwaka 2017 mradi wa EQUIP-Tanzania ulipopanuliwa na kuingiza Singida na Katavi, tukaanza kupokea moduli, yaani vijitabu vya mafunzo, na kutembelewa na wawezeshaji. Mwenzangu wa ng'ambo ya korongo, ambaye bati la shule yake tuliliona kutoka uwanjani kwetu, hakupata hata karatasi moja. Akawa anakuja Ijumaa jioni kwa baiskeli kuazima moduli zetu, na Jumatatu anazirudisha zimekunjwa pembe kwenye kurasa alizonakili kwa mkono. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anaijua moduli ya kufundisha kusoma kuliko baadhi ya walimu wangu walioihudhuria kwa posho. Watoto wake na wangu walikuwa wanakutana kwenye gulio lilelile.

Mikoa ipi ilipata nini, basi?

Nitaje ile mikubwa, maana midogo haihesabiki.

EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Uingereza, ilianza mwaka 2014 na mikoa saba: Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora. Singida na Katavi zikafuata, ikawa tisa. Baada yake ikaja Shule Bora, pia kwa fedha za Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 2022, nayo ikiwa na mikoa tisa: Dodoma, Katavi, Kigoma, Mara, Pwani, Rukwa, Simiyu, Singida na Tanga. Ukiziweka orodha hizo pamoja utaona mikoa sita ilipata mara mbili mfululizo. Lindi, Shinyanga na Tabora zilitoka. Pwani, Rukwa na Tanga zikaingia.

Upande wa Wamarekani kulikuwa na Tusome Pamoja, halafu Jifunze Uelewe kuanzia 2021. Miradi yote miwili ilikwenda mikoa ileile minne ya Bara, yaani Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma, pamoja na Zanzibar.

Sasa hesabu. Bara ina mikoa 26. Miradi hiyo minne kwa jumla iligusa 16. Iliyobaki ni Arusha, Dar es Salaam, Geita, Kagera, Kilimanjaro, Manyara, Mbeya, Mwanza, Njombe na Songwe. Sisemi mikoa hii kumi haikupata kitu. Mafunzo ya serikali yaliifika, na kuna mashirika yaliyofanya kazi kwenye wilaya moja moja. Ila mwalimu wa Geita au Kagera anayesema hajawahi kuona mradi mkubwa wa kumfuata shuleni mwaka hadi mwaka, msimwite mlalamishi.

Vigezo vya kuchagua mikoa ni vipi?

Kigezo kinachotajwa kwanza ni uhitaji: ufaulu mdogo, utoro, uwiano mbaya wa walimu na wanafunzi, umaskini wa kaya. Hicho ni kigezo halali, na ndiyo maana Kigoma, Simiyu na Katavi zimo kwenye orodha zote mbili za Uingereza.

Kigezo cha pili hakitajwi sana. Wafadhili hugawana mikoa ili wasikanyagane. Ukiwa na mfadhili mmoja Kusini na mwingine Magharibi, taarifa zinakaa vizuri na kila mmoja anajua matokeo yapi ni yake. Kwa anayesimamia fedha hilo ni jambo la busara. Kasoro yake ni kwamba wastani wa mkoa unaficha mengi. Mkoa wenye mji mkubwa unaonekana uko vizuri, kumbe visiwani kwake au kwenye machimbo kuna darasa la kwanza lenye watoto 150 na mwalimu mmoja. Mkoa kama Mwanza ukiuhesabu kwa wastani unakosa sifa ya kusaidiwa, lakini Ukerewe kisiwani haiishi kwa wastani wa Nyamagana mjini.

MEWAKA nayo ni mradi?

Hapana, na swali hili linaniumiza kidogo kwa sababu nalisikia hata kwa walimu wakuu. MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, utaratibu wa serikali kwa nchi nzima. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ndiyo inayoandaa moduli na mfumo wa kujifunzia mtandaoni. OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inasimamia utekelezaji kupitia halmashauri. Mafunzo yenyewe yanatakiwa kufanyika shuleni, kwenye jumuiya za ujifunzaji, yaani vikao vya walimu kufundishana wenyewe, na baada ya hapo kwenye klasta, yaani kundi la shule za jirani.

Kwa hiyo hakuna mkoa ulio nje ya MEWAKA. Mwalimu akiniambia "kwetu MEWAKA haijafika", namuuliza kama mwalimu mkuu wake ameweka siku kwenye ratiba. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapoishia.

Kikao kizuri cha jumuiya ya ujifunzaji kinafananaje?

Nitaeleza kimoja nilichokikuta bila taarifa. Jumatano, saa nane na nusu mchana, watoto wameshatoka. Walimu saba kwenye darasa la pili, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mwalimu wa darasa la kwanza ameandika ubaoni silabi *ba be bi bo bu* na anasema wazi: "Wangu wanaimba hizi vizuri sana, lakini nikifuta ubao nikaandika *bi* peke yake, nusu ya darasa wananitazama." Hakuna aliyecheka. Mwenzake akasimama, akachukua vizibo vya soda alivyoviandika silabi kwa kalamu ya wino mzito, akavimwaga mezani na kuonyesha anavyowafanya watoto wavitafute kimoja kimoja. Wakakubaliana wote wajaribu wiki hiyo, na Jumatano inayofuata kila mmoja aje na idadi ya watoto walioweza.

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma, anaandika, hakuhutubia. Kikao kilichukua dakika hamsini. Hapakuwa na chai wala karatasi ya mahudhurio ya posho.

Kikao kibaya mnakijua: mwalimu wa taaluma anasoma moduli kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza, wengine wanasahihisha madaftari, muhtasari unaandikwa ili afisa elimu kata akija aukute.

Kwa nini fedha ziende kumfundisha mwalimu mkuu wakati hafundishi vipindi vingi?

Kwa sababu yeye ndiye anayeamua kama alichojifunza mwalimu kitatumika. Mwalimu anarudi semina ana hamu ya kupanga watoto kwa makundi ya uwezo wa kusoma. Mwalimu mkuu asiyeelewa kinachoendelea anaingia darasani, anakuta kelele, anauliza, "Mbona darasa halitulii?" Ndiyo mwisho wa makundi. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja, na niseme ukweli, mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo mimi mwenyewe.

Nilipata barua ya uteuzi siku ya Alhamisi. Ijumaa nikakabidhiwa funguo, muhuri, kitabu cha fedha na leja ya vifaa iliyokosa kurasa mbili. Hakuna aliyenifundisha kusoma bajeti, kusimamia mwalimu aliyenizidi umri, wala kuendesha kikao cha wazazi waliokuja na hasira. Nilikuwa mwalimu mzuri wa Hisabati, wakadhani inatosha. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, ruzuku ikawa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na baadaye ukaja mfumo wa kielektroniki wa hesabu za vituo, FFARS. Wakuu wengi waliujifunza kwa kuuliza kijana wa stationery mjini.

Serikali iliutambua uzito huo kwa posho ya madaraka mwaka 2016: Sh 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa msingi, Sh 250,000 kwa mkuu wa sekondari na kwa mratibu elimu kata. Posho ilifika mikoa yote kwa mpigo. Mafunzo ya kuitumikia hiyo posho hayakufika hivyo.

ADEM ni nini? Lazima niende Bagamoyo?

ADEM ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Wazee wanaikumbuka kwa jina la MANTEP, iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1979 na kugeuzwa wakala mwaka 2001. Inatoa stashahada ya uongozi na usimamizi wa elimu na stashahada ya uthibiti ubora wa shule, pamoja na kozi fupi kwa viongozi walioko kazini.

Zamani ilikuwa kweli lazima Bagamoyo, na mwalimu mkuu wa Kigoma alikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Sasa kuna kampasi Mwanza na Mbeya, kwa hiyo Kanda ya Ziwa na Nyanda za Juu Kusini zimepumua. Kozi fupi wakati mwingine wawezeshaji huzipeleka mikoani, mradi au halmashauri ikigharamia. Hapo tunarudi palepale: mkoa wenye mradi unawaita wawezeshaji, mkoa usio na mradi unasubiri bajeti. Kwa stashahada wengi hujilipia. Ukitaka kwenda, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri mapema na uweke nakala ya barua. Usiondoke kwa ruhusa ya mdomo.

Vyuo vya ualimu vya serikali havisaidii walimu walioko kazini?

Vinaweza, na vikipewa nafasi hufanya vizuri. Wakufunzi wa vyuo wametumika kama wawezeshaji kwenye mafunzo mengi ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na ya mtaala. Vyuo vya serikali ni 35. Tatizo ni kwamba ramani ya vyuo ni ya zamani kuliko ramani ya mikoa. Morogoro peke yake ina Morogoro, Ilonga, Dakawa na Mhonda. Kilimanjaro ina Marangu, Mandaka na Singachini. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zimekuwa mikoa mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016, wakati vyuo vingi vilikuwa vimeshajengwa kulingana na ramani nyingine, vingine na wamisionari. Mwalimu wa Moshi anaweza kumfuata mkufunzi akarudi nyumbani jioni. Wa Mlele, Katavi, hawezi.

Ndani ya mkoa uliobahatika, mgawanyo ukoje?

Hapa ndipo ningependa wakubwa wakae kidogo.

Mkoa ukiingia kwenye mradi, halmashauri zake zote huhesabiwa zimefikiwa. Lakini kufikiwa kuna daraja. Klasta huwekwa penye shule kubwa, shule kubwa iko barabarani, na mwezeshaji analala mjini. Shule iliyo kilomita 28 kutoka kituo cha klasta hutuma mwalimu mmoja, na mara nyingi ni yuleyule, kwa sababu ana pikipiki au hana mtoto mchanga. Anaitwa "mtaalamu wa semina". Akihama, shule inabaki na picha yake kwenye ukuta wa ofisi akiwa ameshika cheti.

Masika yanazidisha. Kuna kata ambazo kuanzia Machi hadi Mei mto unaamua nani anahudhuria. Nimewahi kuandika taarifa ya mahudhurio ya klasta yenye shule tisa ambapo shule mbili za ng'ambo ya mto hazikutokea mara nne mfululizo. Taarifa ya wilaya iliyojumlisha ilisomeka kwamba mahudhurio ni mazuri, asilimia sabini na kitu. Ilikuwa kweli, na shule zile mbili hazikuonekana popote.

Ugawaji wa walimu wenyewe ni sehemu ya jambo hilihili. Huwezi kufanya jumuiya ya ujifunzaji shule yenye walimu wawili, mmoja akiwa mwalimu mkuu. Mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, ulioanza mwaka 2014, ulizizawadia halmashauri zilizosawazisha ikama, yaani idadi ya walimu, kati ya shule zake, na kuna wilaya zilizohamisha walimu kwa dhati. Nyingine zilihamisha kwenye karatasi, mwalimu akaripoti, akapata ugonjwa, akarudi mjini.

BOOST je? Hiyo si ya nchi nzima?

Ndiyo. BOOST ni ya elimu ya awali na msingi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, kuanzia mwaka wa fedha 2021/22, na MEWAKA imo ndani yake. Halmashauri zote 184 za Bara zimo kwa namna moja au nyingine. Wengi wanaijua kwa madarasa mapya, kwa sababu darasa linaonekana kutoka barabarani na mafunzo hayaonekani.

Fedha zake hutoka kulingana na matokeo yaliyohakikiwa. Nauona kuwa utaratibu mzuri kuliko ule wa orodha za mikoa, ila una mwiba wake: halmashauri yenye maafisa wachache na takwimu mbovu inachelewa kuthibitisha, na ndiyo yenye shida zaidi.

Sekondari?

Wana SEQUIP, nayo ya Benki ya Dunia. Sina uzoefu wa sekondari wa kutosha kuwatolea wenzangu maoni.

Nilipata mafunzo mkoa mmoja, nimehamia mwingine. Yanahesabika?

Cheti ni chako, tembea nacho. Weka nakala kwenye jalada lako la Tume ya Utumishi wa Walimu na nyingine ofisi ya elimu. Usitegemee kwamba mkoa mpya unajua ulichojifunza. Walimu wanahama kila mwaka na hakuna anayepeleka ujumbe kwamba huyu anayekuja ana ujuzi wa kufundisha kusoma. Siku ya kuripoti, mwambie mwalimu mkuu mwenyewe, kwa unyenyekevu: "Mkuu, nilipotoka tulikuwa tunafanya hivi, naweza kuwaonyesha wenzangu siku moja?" Ukianza na "kule kwetu tulikuwa mbele", utakula ugali wako peke yako.

Posho na nauli zikoje?

Mafunzo ya shuleni hayana posho, ndivyo yalivyobuniwa. Ya klasta hutegemea bajeti. Ninachokipinga ni mwalimu kutembea kilomita 20 kwenda na kurudi halafu aambiwe ajitolee kwa ajili ya taifa na mtu aliyekuja kwa gari la ofisi. Mwaka 2018 waratibu elimu kata tuligawiwa pikipiki, zaidi ya 2,800 nchi nzima, ili tuzifuate shule badala ya walimu kutufuata sisi. Zilisaidia sana zilipokuwa mpya. Kilichosumbua baadaye ni mafuta na tairi.

Si tuna vishikwambi sasa? Kwa nini tuhangaike na klasta?

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na moduli za TET zinasomeka humo. Kwa kusoma vinafaa. Vina mambo mawili: bando na umeme. Shule zilizofanikiwa nilizoziona hupakua moduli mara moja mjini, kisha hurushiana kwa bluetooth. Lakini kishikwambi hakiwezi kukuambia kwamba ulimpita mtoto wa dawati la nyuma mara tatu bila kumuuliza. Kwa hilo unahitaji mwenzako aliyekaa darasani kwako.

Mradi ukifungwa, tunabaki na nini?

Fedha za misaada ya Marekani zilisimamishwa Januari 2025, na USAID yenyewe ikafungwa katikati ya mwaka huo. Walimu wa mikoa iliyokuwa ikizitegemea walijifunza kwa ghafla kile ambacho Lindi na Tabora zilijifunza taratibu. Hubaki makabati ya moduli. Hubaki pia walimu wenye ujuzi, kama hawajahamishwa. Kwenye baadhi ya shule hubaki umoja wa wazazi na walimu, UWaWa, unaoendelea kukutana, na kwa maoni yangu huo ndio uliozaa matunda mengi kuliko ilivyoandikwa, kwa sababu mzazi hahamishwi.

Kisichobaki ni mtu wa kurudi kukuuliza ulifikia wapi. Kazi hiyo ni ya afisa elimu kata na wathibiti ubora wa shule, na wao wana shule nyingi kuliko siku za wiki.

Shule yetu imerukwa kabisa. Nianzie wapi?

Anza na afisa elimu kata, umwombe akuonyeshe mpango wa MEWAKA wa kata na jina la shule yako ndani yake. Kama halimo, andika barua fupi kwa afisa elimu msingi wa halmashauri, ipitie kwa afisa elimu kata, utaje idadi ya walimu, umbali hadi kituo cha klasta kwa kilomita, na tarehe ya mwisho mwalimu wako alipohudhuria mafunzo yoyote. Usiandike "tunaomba kufikiriwa". Andika namba, maana barua yenye namba huingia kwenye bajeti na barua yenye malalamiko huingia kwenye jalada. Ipeleke kabla ya Desemba, wakati halmashauri zinaanza kuandaa mipango ya mwaka wa fedha unaofuata.

Na ukisubiri majibu, angalia shule ya jirani yenye moduli, hata kama ni ya mkoa mwingine. Yule mwenzangu wa Manyara sasa ni mwalimu mkuu wa shule kubwa zaidi. Baiskeli anayo bado.